Maisha ya Peris Khisa, Aliyewasikiliza Wanafunzi Akiwa Amechoka

Alizaliwa Bumula, upande wa Bungoma, mwaka wa 1967, msimu wa palizi, na mama yake akarudi shambani kabla kitovu cha mtoto hakijadondoka. Baba yake, Mzee Khisa, alikuwa katekista wa kigango na mkulima wa miwa, naye alimpeleka abatizwe mara tu padri alipopita, akamwita Peris. Hakuna anayesimulia kwamba siku hiyo nyota ilionekana juu ya paa lao au kwamba nyuki walitua midomoni mwa mtoto, kama tunavyosoma katika habari za watakatifu wa kale. Kanisa nalo halijatamka neno juu yake, wala sisi hatutaki kulitangulia. Tunaandika tu yale tuliyoyaona na tuliyoambiwa na watu wasio na faida ya kusema uongo.

Akiwa msichana alitamani kuwa muuguzi, na akili ya kazi hiyo alikuwa nayo. Alipomaliza kidato cha nne alikwenda chuo cha uuguzi akiwa amevaa viatu vya dada yake, akaambiwa langoni kwamba anakosa somo moja ambalo alipaswa kulichagua miaka miwili nyuma. Shuleni kwao hakuna aliyewahi kumwambia. Alirudi nyumbani, akakaa jikoni na mama yake hadi ugali ukaiva. Mama alimuuliza, "Wamekukataa?" Akajibu, "Hawajanikataa, mama. Nilipotea njia zamani, ni vile nimejua leo." Uchungu huo haukumtoka, lakini haukumharibu pia. Alisomea ualimu, akapangiwa shule moja ya msingi Trans-Nzoia, akaolewa na mwalimu mwenzake, Zachary, wakapata binti mmoja, Joy. Mwaka wa 2004 Zachary aliugua homa ya ini akafa, na Peris akabaki na mtoto, kiploti cha mahindi, na uchovu ambao watu walidhani ungepita pamoja na matanga.

Haukupita. Mwaka wa 2006 aliajiriwa kufundisha katika chuo kimoja cha binafsi mjini Kitale, ambacho sasa hakipo tena na ambacho hatutakitaja. Namna alivyoitwa katika kazi yake ya utakatifu yeye mwenyewe aliisimulia mara nyingi, na kila mara alitabasamu kidogo. Katika mkutano wa walimu, mkuu wa chuo aliuliza nani atakubali kuwa mshauri wa masomo, yaani mtu wa kukaa na wanafunzi na kuwaonyesha kozi ya kuchukua, mtihani wa kurudia, lini waahirishe masomo na lini wavumilie. Walimu wote waliangalia meza, kwa maana hiyo ilikuwa kazi ya kusikiliza vilio. Peris aliinua mkono. Alitaka kuomba ruhusa aondoke mapema, maana kichwa kilikuwa kinamgonga. Mkuu akasema, "Asante, Madam Peris," na mkutano ukafungwa. "Mungu alichukua mkono kwanza," alikuwa akisema. "Moyo ulikuja nyuma ukiburutwa."

Kwa muda mrefu kazi yenyewe haikuwa na utukufu wowote. Walikuja walioanguka hesabu, waliochagua kozi kwa sababu rafiki ameichagua, waliotumwa na wazazi wasomee umeme na hali wanaogopa hata kugusa waya. Aliwaambia ukweli kwa sauti ya chini, na akawaambia tena walipokosa kuelewa. Hakuwa mtu wa kutia watu moyo kwa maneno makubwa. Mwanafunzi aliyesema, "Madam, mimi nimeisha," hakujibiwa kwamba hajaisha, aliulizwa, "Umeishia wapi? Tuanzie hapo." Jioni alirudi nyumbani akiwa hana neno lililobaki. Na hapa hatutaficha kilichomuuma kuliko yote, kwa sababu watakatifu hawasaidiwi na uongo wetu. Joy, akiwa kidato cha pili, alimwambia siku moja mezani, "Watoto wa wenyewe unawapatia masikio. Mimi unaniletea usingizi." Peris hakujitetea. Alimwomba msamaha, akajaribu kubadilika, akafaulu kidogo, akashindwa tena. Msalaba huo aliubeba hadi mwisho, na alipoungama, mwenyewe alisema, alianzia hapo kila mara.

Mwaka wa 2011 lilitokea jambo ambalo watu wa Kitale bado wanaliita muujiza. Msichana mmoja wa mwaka wa pili, Pauline, aliacha kuja darasani baada ya kujifungua, na simu yake ikawa haipatikani. Peris alijua tu kwamba anaishi Kipsongo, mtaa wa watu wa vibarua. Alikwenda huko Jumamosi mchana, akauliza huku na huku kati ya vibanda vya mabati na nailoni, na hakuna aliyemjua msichana wa jina hilo, maana kule aliitwa Mama Baby. Alizunguka mpaka magoti yakakataa. Akaamua kurudi nyumbani, akashindwa hata kurudi. Akaketi juu ya jiwe mbele ya mlango uliokuwa karibu, akagonga aombe maji. "Nisaidie maji ya kunywa, mama. Miguu imekataa," alisema, bila kumwona aliye ndani.

Pauline alikuwa ndani na mtoto amelala. Mkononi alikuwa ameshika kikombe, na kilichokuwamo hakikuwa cha kunywewa na mtu anayetaka kuiona jioni. Nyumba ile ilikuwa na kikombe kimoja tu. Alisimama nacho kwa muda, kisha, kwa kuwa alilelewa kutomnyima mgeni maji, alimwaga kilichokuwamo nyuma ya nyumba, akakisugua kikombe kwa majivu na sabuni, akakisuuza mara nyingi, akakijaza maji ya mtungi, akafungua mlango. Ndipo wakaonana. Peris alikunywa maji yote, akasema, "Kumbe ni wewe. Mtihani wa kurudia ni mwezi wa nane. Mtoto anaweza kukaa ofisini kwangu." Hakujua lolote juu ya kikombe kile. Pauline alimwambia baada ya miaka, alipokwisha kuhitimu, na Peris alisikiliza mpaka mwisho, kisha akasema, "Na mimi siku hiyo nilikuwa namlalamikia Mungu juu ya magoti."

Jaribu lake kubwa lilifika mwishoni mwa mwaka wa 2014. Mhitimu mmoja aliyeitwa Viola alirudi chuoni na diploma yake ya afya ya jamii, akaketi mbele ya Peris bila kusalimu. Alikuwa amefukuzwa kazi hospitalini siku alipoanza. "Wameniambia hii kozi haijaidhinishwa na serikali, Madam. Ati ni karatasi tu." Peris alikwenda kwa mkuu wa chuo siku hiyo hiyo. Mkuu hakukana. Alisema maombi ya idhini yako njiani, kwamba vyuo vyote hufanya hivyo, na kwamba Januari, wanafunzi wapya watakapokuja, yeye kama mshauri awaelekeze wale wa gredi za chini kwenye kozi hiyo hiyo, kwa kuwa ndiyo iliyojaza madarasa. "Wewe washauri tu," alisema. "Ya idhini tuachie."

Peris alisali kwa siku kadhaa, na waliomjua wanasema hakusali kama shujaa. Aliomba aachiwe kazi hiyo, apate ugonjwa mdogo, ahamishwe, chochote. Alikuwa na umri wa miaka arobaini na saba na alijiona mzee. Siku ya kujiandikisha ilipofika alikaa mahali pake chini ya turubai, na kila aliyemwelekea alimwambia, "Kozi hii haitambuliki. Usiichukue. Ukitaka afya, kuna vyuo hivi na hivi. Kwa gredi yako, anza na cheti." Aliwaambia wazazi. Aliwaambia na wale waliokuwa tayari ndani ya kozi, wa mwaka wa kwanza na wa pili, kwa sababu hakuona namna ya kuwaficha wao peke yao.

Hapo ndipo alipojifunza kwamba ukweli una deni lake. Wanafunzi hawakumgeukia mkuu wa chuo. Walimgeukia yeye. Walikuwa wameuza mbuzi wa nyumbani na miaka yao ya ujana, na sasa mwanamke mmoja mtulivu alikuwa anasema vyote vimepotea. Walikusanyika nje ya ofisi yake wakiimba. Alitoka nje azungumze nao. Kijana mmoja wa Mlima Elgon, Hillary Kiplimo, ambaye siku nyingi alikuwa amekaa ofisini kwa Peris na kumweleza habari za baba yake, alipaza sauti, "Umetuharibia maisha, Madam," na jiwe likatoka mkononi mwake. Lilimpiga kwenye jicho la kushoto. Alipoanguka wote walikimbia, hata aliyerusha. Jicho hilo halikuona tena. Polisi walipomuuliza hospitalini alimwona nani, alijibu kwamba aliona vijana wenye hofu, na hakuongeza. Chuo kilimfuta kazi akiwa bado na bendeji, kikafungwa mwaka uliofuata.

Alirudi Bungoma mwaka wa 2015. Paroko mmoja karibu na Kibabii alimpa chumba kilichokuwa ghala la mahindi, chenye dirisha moja, na Peris akaweka humo meza na benchi. Alikusudia kupumzika. Lakini wanafunzi wa ile kozi iliyovunjika walianza kumtafuta, mmoja mmoja, kwanza kwa aibu na baadaye kwa makundi, na yeye akawashika mkono. Alipiga simu vyuoni, akapanda ngazi za ofisi, akawabembeleza wasajili wakubali masomo yaliyokwisha kufanywa, akawapeleka wengine waanze upya kabisa na kukaa nao siku ya kwanza kwa kuwa walikuwa wakilia. Wengi wao leo ni wauguzi, walimu na maafisa wa kilimo. Kisha wakaja na wa vyuo vingine, kwa kuwa habari huenea. Joy, ambaye sasa alikuwa mtu mzima na mwalimu huko Webuye, alikuja wikendi kumpikia. Siku moja alimwambia, "Mama, funga mlango hata Jumatano tu." Peris alijibu, "Nimejaribu, mwanangu. Wanakaa nje kwenye nyasi, na bado nawasikia." Joy anasema hapo ndipo alipomsamehe, si kwa sababu jibu lilikuwa zuri, bali kwa sababu aliona mama yake kweli alikuwa amejaribu.

Hillary alikuja mwaka wa 2017, wakati wa mvua za masika. Alisimama mlangoni na kofia mkononi, upande wa jicho bovu, na Peris ikabidi ageuze kichwa kizima.

"Madam, unanijua?"

"Nakujua. Kaa. Kidato cha nne ulipata gredi gani?"

"Madam, mimi ndiye nili—"

"Nimesema nakujua." Alifuta miwani yake kwa pindo la leso. "Nimechoka, Hillary. Leo sina nguvu ya mambo mawili, tushike moja. Gredi?"

Kijana alisema, "C toa," akalia mpaka akashindwa kuendelea, na Peris akamngojea amalize, kisha wakaanza. Hillary alisomea utabibu wa mifugo, na hadi leo anatibu ng'ombe wa watu kwenye miteremko ya Elgon. Anasema amesikia mahubiri mengi juu ya msamaha, na kwamba yeye binafsi alisamehewa kwa swali la gredi.

Miaka ya mwisho moyo wa Peris ulivimba, na daktari akamkataza kazi. Alipunguza. Mwezi wa tatu mwaka wa 2023, asubuhi ya Jumamosi ya kawaida, kijana aliyeitwa Job alifika kutoka Chwele, akamkuta ameegemea ukuta kwenye kiti chake, amefumba macho, mikono juu ya meza. Job hakumwamsha. Kila mtu alikuwa amemwambia kwamba Madam huchoka. Alikaa kwenye benchi, na kila aliyefika alimwonyesha kidole mdomoni kwamba anyamaze, wakaketi kimya, wengine ndani, wengine kwenye nyasi, hata jua likapita paa. Joy alipofika na chakula ndiye aliyemgusa mkono, akajua.

Baada ya maziko Bumula, vijana wale wa benchi walirudi chumbani kwa sababu hawakujua pengine pa kwenda. Shida zao zilikuwa pale pale, na wa kuwasikiliza hakuwapo. Job ndiye aliyesimulia kilichofuata. Walikaa kwenye benchi, mbele ya meza yake. Kisha msichana mmoja akamgeukia aliyekuwa karibu naye, asiyemjua, akamuuliza anasomea nini na amekwama wapi. Na yule akamjibu. Hadi leo chumba kile kiko wazi siku za juma, na waliosaidiwa huja kwa zamu kusikiliza. Pauline huja, Viola huja, Hillary hushuka mlimani mwezi ukianza. Wapo wanaosema wamesali wakimtaja Peris kabla ya mtihani wakapita. Hayo tunayaachia Kanisa lipime.

Sisi tuliobaki, tusiseme kwamba tutaanza kutenda mema tukishapumzika. Mtumishi huyu wa Mungu hakupumzika, na hakuwahi kusema kwamba uchovu ni fadhila, aliuita uchovu. Alichofanya ni kumwambia aliyesimama mlangoni akae. Ee Bwana, unayetuona jioni tukiwa hatuna kitu, utujalie neno hilo moja, na masikio ya kungoja jibu.