Nipeni Baridi Moja Tu: Fundi Nsimire na Uwanja wa Matofali

Saa kumi na mbili na nusu asubuhi, Jumamosi ya Agosti, Nsimire Balagizi amepiga magoti kwenye uwanja wa kanisa moja la Wakongo hapa Mount Druitt, magharibi mwa Sydney. Amevaa soksi jozi mbili na kofia ya sufu ya bluu. Chini ya magoti ameweka kipande cha godoro kuukuu. Mkononi ana kijiti cha kiberiti.

Anakichomeka kati ya tofali na tofali. Kinasimama, hakizami. Anasogea, anachomeka tena.

"Kikizama mpaka kichwa, huo mwanya una njaa," anasema bila kuinua macho. "Mchanga umetoka, maji yataingia mahali pake. Kikisimama hivi, umeshiba."

Leo kijiti hicho kina kazi nzito. Saa mbili kamili Mzee Wilondja, mwenyekiti wa kamati ya ujenzi ya kanisa, anakuja kukagua. Matofali yakicheza, Jumatatu yatang'olewa yote elfu moja na mia tisa, na gari litakuja kumwaga zege.

Nsimire ndiye aliyeyatandika, moja moja, miaka miwili iliyopita.

"Wakiyang'oa mbele ya watu wote, nani ataniita tena nyumbani kwake?" anauliza. "Waseme wanavyosema. Mimi sing'oki."

Ana miaka hamsini na mmoja, mzaliwa wa Bukavu. Alifika Australia na watoto watatu baada ya miaka tisa katika kambi ya wakimbizi. Alipanga maboksi kwenye ghala miaka minne, mpaka mgongo ukagoma. Siku moja, akiwa likizo ya ugonjwa, aliona mafundi wakitandika njia kwa jirani yake, mtaa wa Rooty Hill. Akasimama kwenye ua kuanzia asubuhi hadi jioni. Kesho yake akarudi. Siku ya tatu akaomba kazi.

"Yule bosi alicheka, akaniuliza kama naweza kubeba tofali. Nikamwambia, baba, mimi natoka Bukavu, mji wote ni mlima!"

Sasa ni fundi kamili, hupata kama dola mia mbili na hamsini kwa siku. Ila mvua za baridi zikikaza, wiki mbili zinaweza kupita hajashika nyundo.

Balaa la uwanja wa kanisa lilianza msimu wa baridi wa mwaka jana. Mvua ilinyesha siku tano. Matofali yakaanza kubonyea, mengine yakacheza kama meno ya mtoto. Upande wa kusini, ambako kivuli cha jengo hakiondoki mpaka Septemba, ukoga wa kijani ukatanda, na asubuhi za sakitu, umande ukiganda, pakawa pa kuteleza. Bibi mmoja akajikwaa, akateguka mguu.

Kamati ikakaa, ikaamua zege. Nsimire akasimama kanisani baada ya matangazo na kusema mbele ya wote, "Nipeni baridi moja tu. Nikishindwa, nitayang'oa kwa mikono yangu."

Akafukua pembe tatu. Kokoto zilikuwa sawa, mteremko sawa, kingo za zege hazijasogea. Ila kwenye mianya hapakuwa na mchanga hata chembe. Nani aliutoa?

Alipata jibu Jumamosi moja alipofika mapema kuliko kawaida. Akina mama kumi na wawili, wakiongozwa na Mama Emérance, walikuwa wameinama na mafagio ya njiti ngumu, wanafagia huku wanaimba. Nyuma yao mmoja alishika mpira wa maji, anasukuma mchanga wote mtaroni. Kule kwetu, uwanja usio na alama za ufagio asubuhi ni aibu ya mwenye nyumba. Basi walifagia kila wiki, mwaka mzima, mpaka mianya ikabaki mitupu.

"Na aliyeanza ni mimi!" Nsimire anakiri, anajipiga paja. "Siku nimemaliza kazi nilifurahi, nikashika ufagio nikawaonyesha. Nilitandika kama fundi, nikafagia kama mama yangu."

Mwezi wa Mei, kabla ya baridi, alianza upya. Aliinua yaliyobonyea, akasawazisha mchanga wa chini kwa pima maji. Aliziba tundu kwenye mfereji wa paa uliokuwa ukidondokea matofali. Alisugua ukoga kwa siki na brashi, akakata matawi yaliyoficha jua. Kisha akangoja siku tatu kavu ndipo akajaza mianya, maana mchanga haushuki kwenye tofali lililolowa. Dawa ya kung'arisha alikataa kupaka. "Tofali likiwa na maji ndani ukalipaka, umeyafungia humo. Litapauka jeupe."

Mwisho akakusanya mafagio yote ya njiti, akayafungia kwenye buti ya gari lake.

"Alituibia!" anasema Mama Emérance, aliyefika sasa hivi na chupa ya chai. "Nikamwuliza, mama, tuache uchafu mbele ya nyumba ya Mungu?"

"Nikamjibu," anadakia Nsimire, "Mungu mwenyewe aliumba mchanga. Wewe unaufagia uende wapi?"

Wanacheka wote wawili.

Saa mbili kamili Mzee Wilondja anaingia na fimbo yake. Usiku kucha imenyesha. Anatembea mstari kwa mstari, anagonga, anakanyaga. Karibu na lango, tofali moja linalia *tak*.

"Ahaa! Mama Nsimire, hili linacheza!"

Nsimire anainuka taratibu, anapangusa magoti. Anachukua bisibisi mbili bapa, anaingiza pembeni, analing'oa tofali. Chini kuna mzizi mwembamba kama kidole. Anaukata, anaongeza konzi ya mchanga, analirudisha, anagonga mara nne kwa nyundo ya mpira, anakausha kingo kwa kitambaa, anajaza mianya kwa mchanga mkavu kutoka kwenye kopo. Mama Emérance anatazama saa: dakika sita.

"Kanyaga, mzee."

Anakanyaga. Tofali halilii.

"Sasa nionyeshe zege linaloumwa jino moja, ukalitibu hilo moja."

Mzee anaegemea fimbo, anakuna kidevu. "Bon, haya. Nitampigia mtu wa zege. Nitamwambia angoje kidogo."

"Asingoje, mzee. Mwambie asije."

Mzee Wilondja anatoa simu. Anaongea Kiingereza kifupi, anaomba radhi, anakata. "Haji," anasema.

Nsimire haruki wala hapigi vigelegele. Anasema ana mpango wa kusajili kampuni yake kabla ya Krismasi, na baridi ijayo atachukua akina mama wawili awafundishe. Wa kwanza amekwisha kumchagua.

"Huyu hapa," anamnyooshea Mama Emérance kijiti cha kiberiti. "Anza pale langoni. Na yale mafagio usiyaulize."