Kinyozi wa Maharamia

Kinyozi wa kwetu sokoni hajawahi kuona bahari. Aliona ziwa pale Kasenyi, akatapika mtumbwi ukiwa bado umefungwa. Lakini kila kichwa anakinyoa, taulo begani, kwa wimbo wa zamani wa maharamia, ule wa kapiteni aliyeiba merikebu ya mfalme. Wimbo ukifika kwenye mawimbi, mashine ya kunyolea inakimbia; kapiteni akifungwa kamba, inasimama juu ya utosi, na haishuki mpaka mteja aitikie, "Pandisha tanga!" Jumamosi iliyopita Rodrigue, bwana harusi, alikuwa kitini, nusu ya kichwa imenyolewa, nusu bado, na kengele ya kanisa inalia.

"Muzee, ua ule kapiteni mbio! Abigaël ananingojea!"

"Kumuua?" Macho ya kinyozi yakajaa machozi. "Na yeye iko na bibi, sawa weye. Itikia, tumuokoe."

Rodrigue, mwimbaji wa kwaya, akaitikia kwa aibu. Mashine haikushuka. Akapiga kelele mpaka mbuzi wa jirani wakanyamaza, ndipo nywele zikaanguka.

Kanisani mchungaji akamuuliza kama anamkubali Abigaël.

"Pandisha tanga!" akajibu kwa nguvu zote.

Kule nyuma kabisa, mtu mwenye taulo begani akasimama, akashika ubeti unaofuata.