Zamu ya Dakika Mbili

Miaka thelathini na mmoja Perpetua Gallego alikuwa nesi wa wodi ya dharura hapa Bacolod, Ufilipino, na katika wodi ile hakuna aliyebonyeza kifua cha mgonjwa zaidi ya dakika mbili. Mikono huchoka na mwenyewe hujui. Basi mtu huita "Badili!", na mwenzake huingia. Alistaafu, mumewe akafariki, binti zake wakaenda ng'ambo kuuguza wazee wa watu, naye akabaki na Bingka, kijibwa cha kilo nne chenye domo kubwa kuliko mwili.

Jumamosi moja, baada ya chakula cha mchana, Bingka alitafuna waya wa feni. Perpetua alichomoa plagi kwanza, ndipo akamgusa. Hapumui, moyo kimya. Akamlaza chali kama alivyozoea kulaza binadamu, lakini kifua cha mbwa ni chembamba, kila akibonyeza mnyama anapinduka. Mjinga mimi, akajiambia. Akamlaza ubavu, akakikamata kifua kwa kiganja kimoja, gumba huku na vidole kule, kama walivyowafanyia vichanga wodini. Akabonyeza mara thelathini. Akamfumba mdomo, akampulizia puani mara mbili. Akaanza tena.

"Badili!" akaita.

Hakuingia mtu. Nani wa kuingia? Upweke aliokuwa akiukwepa miaka yote ukamjia, akawa analia huku anahesabu.

Alipoita mara ya tatu, mlango wa jikoni ulifunguka. Alikuwa Anselmo, jirani aliyefiwa na mkewe, ambaye kwa miaka mitatu salamu yake ya asubuhi ilikuwa moja tu, juu ya ua: nyamazisha mbwa wako.

"Unagombana na nani, dada?"

"Piga magoti. Shika hapa, bonyeza."

"Huyu? Si ndiye aliyenichania suruali?"

"Bonyeza, Anselmo. Utamshtaki baadaye."

Wakapokezana dakika ishirini. Wodini, wa kusema basi alikuwa daktari. Perpetua hakutaka kulisema neno hilo, na Anselmo, jasho likimchuruzika, aliendelea kubonyeza. Mwishowe Perpetua akatazama saa ya ukutani, kama daktari anayetangaza kifo.

"Saa nane na dakika kumi," akasema, akaushika mkono wa Anselmo uliokuwa bado ukibonyeza, mpaka ukatulia.

Walimzika nyuma ya jiko.

Kesho yake Perpetua aliamka mapema bila sababu, akaketi na kahawa asiyoinywa. Saa ile ile ya siku zote Anselmo alisimama kwenye ua, akafungua mdomo, akaufunga.

"Dada Perpetua," akaita baadaye. "Upo?"

Perpetua akaweka kikombe mezani.

"Nipo," akajibu. "Punguza kelele."