Ukuta wa Bibi Brashi

Mtaa mzima walimwita Bibi Brashi, na usingeweza kukaa jirani naye mwaka mzima mlango wako ukabaki na rangi ya ubao. Alikuwa haombi ruhusa. Ukirudi kazini unakuta kuku mwekundu amesimama mlangoni kwako, naye yuko chini anamalizia kucha. Utamfokea? Thubutu! Utamletea kigoda.

Alifagia kiwanda cha rangi miaka kumi na tisa. Kiwanda kilipofungwa, wenzake waliondoka wakilia. Yeye aliondoka na mkokoteni wa makopo yaliyobonyea, nyekundu, manjano na kijani, ambayo wenye kiwanda waliona hayauziki. Akayapanga chini ya kitanda, juu ya kabati, nyuma ya mlango wa jikoni, mpaka mumewe akauliza kama na yeye kuna mahali amepangiwa.

Basi akaanza. Mlango huu kuku, ule saa, ule wa pembeni samaki mwenye miwani, ili watoto wasiojua kusoma wajue kwao ni wapi. Akapaka meza za chekechea, viti vya zahanati, bembea, magari ya mbao aliyoyagawa bure. Hakuwa na mkono wa birika mama yule, si kwa rangi wala kwa muda wake. Mtoto akionekana anazurura, anaitwa, anapewa brashi, anafundishwa.

Na alikuwa na namna yake ya kufanya kazi. Kabla ya kila mstari mwembamba aliipitisha brashi katikati ya midomo, ncha ikachongoka. "Ilambe kidogo, itakusikia," aliwaambia watoto. Nao wakailamba, wakaoneshana ndimi za manjano, wakacheka mpaka wakakaa chini. Laiti mtu mzima hata mmoja angeuliza kuna nini kwenye yale makopo! Hakuuliza mtu.

Binti yake, fundi cherehani, ndiye pekee aliyenuna, na wala si kwa ajili ya rangi. Tangu utotoni alimgawana mama na mtaa mzima, na alikuwa amechoka. Siku ya harusi yake mama alichelewa kwa sababu bembea ilikuwa haijakauka, akaingia na rangi kwenye nywele. "Hivi wewe ni mama wa nani hasa?" binti alimfokea mbele za wageni. Jamani, watu hawasahau neno kama hilo. Tangu siku hiyo mtaa ulimjua kuwa ndiye yule anayemwonea wivu mama yake.

Miaka ya mwisho mkono wa Bibi Brashi ukaanza kutetemeka. Tumbo likawa linamsokota, akawa anasahau. Siku moja alichora samaki yuleyule mara mbili kwenye mlango mmoja, akashangaa mwenye nyumba anacheka nini. "Uzee huu," alisema. Alikuwa na miaka hamsini na sita. Akafa ukuta wa chekechea ukiwa nusu, na mtaa ukamlilia hasa.

Mjukuu wake, mtoto wa yule fundi cherehani, alikuwa na miaka saba, na kila alasiri yake aliimalizia kwa bibi. Naye alianza kulia tumbo. Mwalimu akalalamika kwamba anasahau herufi alizozijua mwaka jana. Mama mtu akampeleka hospitali.

"Huyu mtoto huwa analamba nini?" daktari aliuliza.

Binti akacheka. Kisha kicheko kikamkauka mdomoni.

Majibu ya damu yalitoka wiki moja baada ya mazishi. Daktari alimweleza taratibu. Rangi nyingi za zamani zilitiwa madini ya risasi, sumu inayoingia kwenye damu na mifupa, ikamharibu mtoto tumbo na akili kidogo kidogo. Kiwango cha mwanawe kilikuwa juu, ila matibabu yapo.

"Na mama yangu?"

"Siwezi kuapa. Lakini sitashangaa. Wengine waliolamba ni wangapi?"

"Mtaa mzima," alijibu binti.

"Basi waletwe wapimwe. Na rangi hiyo isiguswe tena, kuanzia leo."

Leo! Leo hiyohiyo ndiyo mtaa ulikuwa umepanga kuumalizia ukuta wa marehemu, kwa makopo yake mwenyewe, kila mtoto na brashi yake. Binti alitembea na karatasi mkobani. Angeweza kunyamaza, amtibu wa kwake, jina la mama libaki safi. Wazo hilo lilimjia, nisimsingizie utakatifu. Lilimfuata mpaka kwenye kona ya chekechea, na pale akawaona. Watoto zaidi ya ishirini wamejipanga ukutani, na katikati yao Mama Pacha, shoga wa marehemu, anafungua kopo la manjano. Wengine walishaanza kulamba.

"Karibu, mwanangu!" Mama Pacha alimwita. "Tumekuwekea brashi ya mama."

Binti alipiga moyo konde. "Waambie waweke brashi chini. Rangi hii ni sumu. Iko kwenye damu ya mwanangu, na nadhani ndiyo iliyommaliza mama."

Halafu Mama Pacha akaweka kopo chini, akashika kiuno.

"Hata kaburi halijakauka, unakuja kumwita mama yako mwuaji? Ulimwonea wivu akiwa hai, na leo unamfuata huko huko aliko? Sisi tumelamba miaka nenda rudi, mbona wazima?"

"Mwongo huyo!" mtu akapiga kelele nyuma. "Siku zote ana roho mbaya!"

Mwalimu wa chekechea aliichukua karatasi, akaisoma, akaisoma tena. Binti akaacha kubishana na wakubwa, akachuchumaa mbele ya watoto.

"Niambieni wanangu. Nani huwa anaumwa tumbo?"

Mkono mmoja ukanyanyuka. Ukafuata mwingine, ukiwa na brashi. Kisha mitatu kwa pamoja, kisha safu nzima ya mbele, vidole vya manjano na vyekundu hewani. Pacha wa Mama Pacha, wote wawili, walinyoosha.

"Nyinyi?" Sauti ya Mama Pacha ilikuwa imeshuka. "Mbona hamkuniambia?"

"Tulimwambia Bibi Brashi," alijibu mkubwa wa pacha. "Akasema hata yeye linamuuma, ni kawaida tu. Tukaendelea kuchora."

Hakuna aliyemwita mwongo tena. Binti alibaki amechuchumaa mbele ya mikono ile, akitamani kwa moyo wake wote angalau mtu mmoja amwite hivyo.