Maghala ya Wingu la Tabitha

Mwaka 2009 kituo cha afya kimoja kule Machame kilipata kompyuta sita za msaada, zilizokwisha kutumika ughaibuni. Kazi ya kuziunganisha ziwe kitu kimoja ikamwangukia Tabitha, mtunza kumbukumbu. Shahada hakuwa nayo. Alikuwa na cheti cha miezi tisa, na kichwa kisichoruhusu jambo lipite kabla hajalielewa.

"Mtindo huu unaitwa wingu," aliwaambia wauguzi.

"Wingu?" Ndelilio, muuguzi wa zamu, akaangua kicheko. "Hapa Machame mawingu si tunayo ya bure!"

Fundi Aminieli, aliyepanda kutoka mjini kuja kusaidia, alitaka kila kitu kiingie diski moja kubwa, basi. Tabitha akakataa. Nyumbani kwao maharage ya leo yako jikoni, mbegu ziko darini juu ya moshi, majani ya ng'ombe yana mahali pake. Na wingu nalo liwe na maghala yake. Majalada ya wagonjwa, yanayofunguliwa kila siku, yakae kwenye diski ya kasi. Picha za mifupa, nzito na za kutazamwa mara moja moja, ziende kwenye diski pana ya polepole. Nakala ya yote ikae ofisi ya usharika, ng'ambo ya barabara, isipotee hata paa la kituo likiungua.

"Dada, unatafuta shida kwa tochi," Aminieli akamwambia.

"Fundi, uvivu usiuite utaalamu," Tabitha akamjibu, tena mbele ya wauguzi. Wakacheka. Aminieli hakucheka.

Siku tatu Tabitha aliandika faili la mipangilio, ghala baada ya ghala: jina lake, diski yake, programu ya kuiendesha. Yalipobaki majibu ya maabara, akaona ile diski ya kasi ina nafasi tele. Mchagga gani huyo anayeacha ardhi wazi? Chini ya mgomba kuna kahawa, chini ya kahawa kuna magimbi. Akayaweka majibu kwenye diski ile ile, kama ghala la pili, akahamisha kila kitu kutoka kwenye kompyuta ya zamani ya kituo.

Mashine haikujua kilimo cha mseto. Kila ghala lilijiona ndilo mwenye kihamba, shamba lote la ukoo, peke yake, likaandika juu ya mwenzake. Alhamisi mchana Tabitha alifungua jalada la Bibi Mektrida, aliyetibiwa kisukari hapo kwa miaka kumi na mmoja, akakuta nusu yake ni majibu ya choo ya mtu mwingine. Akafungua la pili, la tatu. Hivyo hivyo.

Nakala ya usharika ilikuwa bado haijafanywa; majalada mazima yalibaki kwenye kompyuta ya zamani tu, na kesho asubuhi shule iliyoahidiwa kompyuta hiyo ilikuwa inakuja kuichukua, ifutwe. Na mwenye diski ya akiba alikuwa Aminieli, aliyekwisha kufunga mkoba wake.

Tabitha akatoka mpaka kwenye ua wa kituo, akachuma jani la isale, lile la kuombea msamaha, akalishika kwa mikono miwili, akasimama mbele ya fundi. Daktari Efraimu, mkuu wa kituo, alikuwapo.

"Isale? Kwa ajili ya kompyuta?" Aminieli akashangaa.

"Kwa ajili ya maneno yangu, kaka. Ya kompyuta yanafuata." Akawaeleza kosa lake lote, hakujitetea hata kidogo.

Aminieli akalitazama lile jani. Nani kule mlimani amewahi kulikataa? Akalipokea, akafungua mkoba.

"Mpango wako ulikuwa mzuri kuliko wangu," akasema. "Ila ulipanda mseto kwenye chuma."

Daktari akaiomba shule isubiri mpaka Jumatatu. Ijumaa na Jumamosi wawili hao wakafuta maghala yale mawili, wakaligawia kila moja diski yake, wakahamisha upya, Tabitha akisoma jalada moja moja kwa macho yake.

Jumatatu Bibi Mektrida akaja na mkongojo.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba, mwanangu. Ile dawa iliyonivimbisha miguu mwaka ule, jina nimesahau. Wasinipe tena."

Tabitha akafungua jalada. Akalisoma jina la dawa, na tarehe yake.

"Hiyo hiyo!" bibi akasema, akaketi.