Crankshaft sensor ilivyotaka kuninunulisha engine nzima

Wakuu, habari za majukumu. Haya yamenikuta mwenyewe. Chumvi sijaongeza, na sehemu za kunidhalilisha nimeziacha kama zilivyo.

Naishi Same mjini, nina kigari cha zamani. Mama yangu yuko Ugweno, na kila mwezi namshusha Moshi kliniki ya macho. Bodaboda hapandi tena. Zile kona zilishamtosha.

Mwezi uliopita gari likaanza tabia. Likipata moto, linazima. Ukisubiri nusu saa, linawaka kama halijafanya kosa.

Nikaenda kwa fundi. Akachomeka mashine ya diagnosis, haikuonyesha code ya hitilafu hata moja. Akasikiliza muungurumo, akatikisa kichwa.

"Mzee, engine imechoka. Jumamosi tuishushe, tuweke nyingine ya mtumba."

Bei sitaitaja. Mke wangu naye yumo humu jukwaani.

Sasa kuna jambo sikumwambia fundi. Nina kifaa kidogo cha kusoma code kwa simu. Asubuhi ile taa ya check engine ilikuwa inawaka, nikaifuta, ili gari lisionekane bovu sana mbele ya fundi.

Na nina digrii mbili, wakuu. Ni sawa na kumeza dawa ya homa ukiwa mlangoni kwa daktari.

Alhamisi nikapanda Ugweno kumwambia mama kwamba Jumatatu hakuna safari, gari litakuwa gereji. Nilipoipita Mwanga na kuanza kupanda, likazima katikati ya kona. Nyuma yangu lori la Fuso, tupu, linafuata ndizi. Dereva wake, Elisante, akashuka.

"Shikamoo mzee. Umeegesha au limekufa?"

"Marahaba. Limekufa. Engine imechoka."

"Nani kasema?"

"Fundi. Hata mashine haikuona kitu."

"Na code hamkuzifuta?"

Nikatazama migomba.

Akacheka mpaka akashika mbavu. Kisha akalowesha tambara, akaingiza mkono chini ya engine, akalibana kwenye crankshaft sensor, kile kifaa kidogo kinachosoma mzunguko wa engine ili ijue lini iwashe. "Sisi wa mlimani ndivyo tunavyoipima. Ikipata moto inakata mawasiliano, ukiipoza inarudi. Haya, piga stata."

Likawaka. Hata dakika tano hazikufika.

Jumamosi nikaingia gereji na tambara langu ndani ya ndoo ya maji. Winchi ya kunyanyulia engine ilishasimamishwa. Nikaacha gari liungurume mpaka likazima lenyewe, nikalibana tambara kwenye sensor, fundi na wateja wake wakiangalia. Likawaka. Hapo nikakiri na lile la kufuta code.

Fundi akatoa simu mfukoni. "Nipe namba ya huyo dereva," akasema.

Sensor mpya ilifungwa kabla ya chai ya saa nne. Jumatatu nikapanda Ugweno kona zote bila gari kuzima hata mara moja. Mama akakaa mbele, akafunga mkanda, akauliza mbona nacheka peke yangu.

Nilichojifunza: code ndiyo maelezo ya mgonjwa. Yaacheni yasikike kabla hamjakubaliana kupasua.

Na wewe uliwahi kubadilishiwa kitu gani kilichokuwa kizima? Tuwekee hapa, ila anza na kosa lako mwenyewe.