Siku Tuliyopanda Shengena

Enzi za Mwingereza, nilipokuwa nimeolewa karibuni kijijini Mhezi, mume wangu aliahidi kunipeleka kwenye kilele cha Shengena, mlima wa kwetu, nikauone mlima Kilimanjaro. Jumamosi moja tukapanda, na mama mkwe naye akaja, kapu la ndizi za kuchemsha kichwani. Tulipofika juu, ukungu ulikuwa umefunika kila kitu. Mume wangu hakukata tamaa. Alinyoosha kidole kwenye weupe ule, akanieleza kilele cha Kilimanjaro kilivyo na theluji inavyong'aa.

"Mwanangu," mama yake akamwambia huku akimenya ndizi, "huko ni Mombasa."

Nilicheka hadi nikakaa chini. Punde ukungu ukapasuka, na mlima ukatokea nyuma ya mgongo wake. Akageuka, akautazama, kisha akacheka kutushinda sote.